Vidonge Vilivyoninyang'anya Woga

Masumbwe, Jumapili, Septemba 1996

Upepo tangu asubuhi. Vumbi jekundu limeingia mpaka kwenye kopo la chumvi, na mawingu yanapita juu kama wageni wasio na nia ya kupiga hodi. Joto la kuudhi. Mimi nimeshindwa kukaa. Nimesimama kufunga dirisha, nikakaa, nikasimama tena kulifungua. Mama Kulwa, mke wangu, amenitazama, akabeba ungo wake wa mchele akahamia uani. Huyu mwanamke akihamisha ungo, ujue amesema mengi.

Leo nimemeza nusu. Ndiyo sababu.

Shajara, wewe huna mdomo wa kunicheka, basi nikueleze kila kitu, maana leo nimeshaeleza mbele ya watu na dunia haikupasuka.

Mimi ni fundi matimba. Duara letu, yaani shimo la dhahabu, linashuka moja kwa moja, kisha linakata kona kufuata mwamba, na kazi yangu ni kusimamisha magogo yanayozuia mawe yasitushukie vichwani. Mashimo yetu hayana injinia. Asubuhi, kabla ya mtu yeyote kushuka, nashuka peke yangu na shoka. Nagonga gogo, nagonga mwamba, nasikiliza. Mwamba mzima unaitika kwa sauti kavu. Uliochoka unaitika kama mtungi mtupu. Lakini sikio ni nusu tu ya kazi, nusu ya pili iko tumboni. Mwamba ukiwa mbaya, tumbo langu hujikunja kabla hata sikio halijamaliza kusikia, nami hupanda juu na kusema neno moja: "Bado."

Nimelisema neno hilo mara nyingi mpaka likawa jina langu. Fundi Bado. Watoto wa sokoni wananiamkia, "Shikamoo Mzee Bado," na mimi naitika marahaba bila kinyongo. Mwenye duara letu, Mzee Ng'wandu, ndiye aliyekuwa akilichukia, kwa sababu siku ya bado hakuna mfuko wa mawe unaopanda juu. Sikumjali. Hata zamani nilipokuwa karani wa kupima pamba kwetu Samuye, nilikuwa naugonga mzani kwanza ndipo niuamini. Nimezaliwa mwoga, na woga umenilisha vizuri.

Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Bibi yangu alikuwa akisema hivyo kila ndugu zangu waliponicheka.

Mwaka huu, masika yakiwa yanaishia, udongo ulitukalia mimi na Mabula, mwenzangu wa kushuka naye. Maji yalikuwa yamepita nyuma ya mwamba, mahali ambapo shoka la mtu yeyote lisingefika. Wakatuchimbua. Mimi nilitoka napumua. Mabula alitoka amefunikwa shuka.

Mwili wangu ulitoka, lakini sehemu yangu nyingine ilibaki kule chini. Mlango ukibamizwa, nalowa jasho. Kulwa na Doto wakiangusha sufuria, natoka nje mbio na kuwaacha wao ndani, watoto wangu mwenyewe. Chakula hakipiti. Usingizi ukija, unakuja na udongo mdomoni. Daktari wa zahanati, kijana mpole mwenye miwani, akaniandikia vidonge vidogo vya manjano. Diazepamu. Alinipa vya wiki moja, akasema ni vya kunivusha tu, usingizi ukirudi niachane navyo.

Namshukuru. Vilinivusha kweli. Usiku ule wa kwanza nililala mpaka jogoo akanionea aibu.

Wiki ikaisha, vidonge vikaisha, na usingizi nao ukafungasha virago. Badala ya kurudi kwa daktari nikaenda duka la dawa baridi la Mama Zuhura, pale karibu na stendi. Hakuniuliza cheti. Nadhani hata angeniuliza ningemtungia uongo, maana nilikuwa nimeuandaa njiani. Sasa nikiingia tu, hata kabla ya salamu, mkono wake unaenda wenyewe kwenye kopo.

Mwanzoni kilikuwa cha kulalia tu. Baadaye kikaongezeka cha asubuhi, cha kushukia. Halafu kikaja cha mchana, ninachokiita cha akiba, ingawa sijapata kukiweka akiba hata siku moja.

Mwezi wa saba nilikwenda Samuye kwenye harusi ya binti wa kaka yangu. Vidonge nikavisahau kwenye koti la kazini. Siku ya kwanza nikajisifu: unaona, wala huvihitaji. Siku iliyofuata mikono ilianza kutetemeka mpaka nikamwagia uji shati la harusi. Jasho, moyo mbio, sauti za ngoma zinanichoma kichwani. Mama yangu akanishika paji la uso akatangaza kwamba ni malaria. Nikameza klorokwini mbele ya ukoo mzima, kwa sababu kusema kweli ilikuwa kazi ngumu kuliko kumeza uchungu ule. Basi nikawa natetemeka huku najikuna. Binti wa kaka alicheza harusi yake, mimi nilikuwa nyuma ya ghala la mahindi nimekumbatia magoti.

Kurudi, nilishuka Kagongwa. Shangazi yangu anakaa pale, na tangu nizaliwe sijawahi kupita Kagongwa bila kuingia kwake. Nilipita. Nilikuwa natafuta duka la dawa. Shangazi alikuwa barazani anapepeta dengu, akainua uso akaniona. Nikageuza macho nikaongeza mwendo.

Hilo linaniuma kuliko yote. Mabula alichukuliwa na mwamba. Shangazi yangu nimemwacha mwenyewe, kwa miguu yangu, mchana kweupe.

Nimesimama tena. Nimekunywa maji. Nimekaa.

Sasa kuna jambo ambalo lingenichekesha kama lisingekuwa linataka kuua watu. Wenzangu wa duara waliona mabadiliko. Mtu aliyetolewa kaburini anarudi kazini, anashuka bila kusitasita, anagonga mwamba, anapanda ametulia tuli kama maji ya kisima. Na hasemi tena bado. Anasema, "Twendeni." Wao wakatafakari kwa akili za machimboni, wakapata jibu: Bado amepata mganga. Tena si mganga wa hivi hivi, ni mganga mkubwa wa huko Usukumani kwao, aliyemchanja dawa ya kuufunga mwamba.

Nilipokana walicheka. Athumani, mchimbaji wa siku nyingi aliyetoka Kigoma, alinigonga bega akaniambia nisijisumbue, mganga wa kweli hakubali kutajwa. Kwa hiyo kila nilivyozidi kukana, ndivyo mganga wangu alivyozidi kupata sifa. Mzee Ng'wandu sasa ananiita mwanangu.

Nami nikanyamaza. Niseme kweli, ilikuwa tamu. Mtu aliyeitwa mwoga maisha yake yote, kupishwa njia na wanaume wazima si jambo dogo.

Mpaka Alhamisi.

Tangu Mabula afe tulikuwa tunachimba upande wa juu. Sasa Mzee Ng'wandu anataka turudi kwenye kona ileile ya chini, kwa sababu ndiko mwamba wenye dhahabu unakoelekea. Alipanga tuifungue Jumatatu, ambayo ni kesho. Alhamisi nikashuka kuikagua. Nilikuwa nimemeza cha asubuhi na nilikuwa nimetulia. Nikagonga jiwe la juu, pale kwenye kona. Likaitika kama mtungi mtupu. Nililisikia vizuri, Shajara. Sikio langu halina kasoro. Nikasubiri tumbo lijikunje.

Tumbo halikusema kitu.

Nikagonga tena. Mtungi mtupu. Nikafikiri, labda ni kelele za winchi huko juu. Nikafikiri, labda ni mawazo ya Mabula. Nilifikiri mengi, yote ya mtu anayetaka kulala. Nikapanda juu nikasema, "Twendeni, Jumatatu tunafungua," na sauti yangu ilikuwa nzuri, ya mtu anayejua kazi yake.

Ijumaa asubuhi jiwe lile lilikutwa chini. Lilishuka lenyewe, hakuna mtu aliyekuwapo. Lina ukubwa wa ndama.

Unadhani wenzangu walisemaje? Waliruka kwa furaha. "Mmeona dawa ya Bado? Jiwe limemngoja atoke!" Na yule aliyeruka juu kuliko wote ni shemeji yangu Lusangija, mdogo wake Mama Kulwa, aliyefika majuzi kutoka Samuye kuchukua nafasi ya Mabula. Hajawahi kushuka duarani. Kesho angekuwa nyuma yangu, pale kwenye kona, wa kwanza baada ya mimi.

Dada yake alinikabidhi kijana huyu kwa mdomo wake mwenyewe. Aliniambia hana wasiwasi naye, kwa sababu yuko na mimi.

Ijumaa ileile nikapanda baiskeli mpaka zahanati. Nilitaka daktari anipe kitu cha kukata vidonge hivi siku hiyohiyo, kama mtu anavyokata kamba. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Akaniuliza ni nani aliyeniongezea dawa ya wiki ikafika miezi. Nikamtaja Mama Zuhura. Hakunigombeza. Alisema nisithubutu kuacha ghafla, kwamba ule mtetemeko wa Samuye ulikuwa salamu tu, mtu anaweza kuanguka kifafa akafa. Tupunguze pole pole, akasema, yeye na mimi, tuanze na kile cha mchana na nusu ya kile cha asubuhi, nirudi kila wiki, na kwa Mama Zuhura nisipite hata kwa kusalimia. Na duarani nisishuke kwanza. Nikamuuliza, hofu itarudi? Akasema itarudi, tena mwanzoni itakuja na makelele kuliko ile ya kwanza. Siku zikienda itapoa.

Nilikuwa na swali jingine, naye akaandika tu tarehe yangu ya kurudi. Nilimwuliza, nikiwa na vidonge siogopi kitu, nisipokuwa navyo naogopa hata mlango. Sasa lini nitajua kwamba mwamba ni mbaya?

Jana sikufanya lolote. Nilijiambia nitasema kesho. Leo ndiyo ilikuwa kesho hiyo.

Asubuhi baada ya ibada wakaja hapa nyumbani, Athumani na Lusangija na wengine wawili, wamenawa, wamevaa mashati ya heshima. Athumani amembeba kuku mweupe kwapani.

"Mwangaluka, Bado," akaniamkia kwa Kisukuma chake cha Kigoma. "Sisi hatuna maneno mengi. Kesho tunashuka pale alipolala Mabula. Tupeleke leo kwa mtu wako, na sisi atuchanje."

"Sina mtu, Athumani."

"Ndiyo hivyo. Huna. Basi tupeleke kwa huyo ambaye huna."

Wakacheka wote, Lusangija zaidi. Mama Kulwa alikuwa mlangoni ameshika mwiko. Hakucheka. Yeye anajua nilichonacho kwenye koti. Majuzi tu aliniambia, bila ukali, kwamba siku hizi hata Doto akilia mimi sishtuki. Nilimtazama mke wangu, nikaona anamtazama mdogo wake, na nikajua kwamba hatasema, kwa sababu ananiheshimu. Heshima yake ndiyo ingemzika ndugu yake.

Nikawaambia watangulie duarani, nitawakuta alasiri.

Nilitembea kule na nusu ya kidonge tumboni na shoka begani. Njia nzima nilikuwa nageuka nyuma. Mbuzi akikohoa nageuka. Nilifika nimelowa. Mzee Ng'wandu alikuwepo amekaa kwenye kigogo, na vijana wamejipanga kuzunguka mdomo wa duara kama watu wanaosubiri kugawiwa nyama. Nikatoa pakiti ya karatasi mfukoni, nikaifungua mbele yao.

"Huyu ndiye mganga wangu," nikasema.

Hawakuelewa. Nikaeleza. Nilieleza vibaya, maneno yaligongana, lakini niliyasema yote: zahanati, Mama Zuhura, harusi, Kagongwa, na jiwe. Hasa jiwe. Nikawaambia kwamba Alhamisi nililisikia linaita tupu, na nikawaambia twendeni, kwa sababu vidonge hivi havifungi mwamba, vinanifunga mimi. Nilikuwa nangoja mtu anitukane. Nilikuwa tayari hata kwa konde.

Kisha Lusangija akasogea, akaitazama pakiti kwa hamu, akanyoosha kiganja.

"Gashi! Kumbe ni kitu cha kumeza tu? Nipe na mimi kimoja, shemeji. Kesho nisiogope."

Na nyuma yake mkono mwingine ukanyooshwa. Na mwingine.

Shajara, sijui nikuelezeje. Nimefukiwa na udongo nikiwa hai, na sijaogopa pale kama nilivyoogopa kuiona ile mikono. Niliona duara zima limetulia. Wote tumeshuka, wote tumelegea vizuri, mwamba unaita na hakuna hata tumbo moja la kujikunja. Nikafunga pakiti. Mikono ilikuwa inatetemeka waziwazi, karatasi inalia kama majani makavu, na sikuweza kuificha.

Kuna desturi moja ya machimbo yetu. Shoka la fundi likilazwa mdomoni mwa duara, hakuna anayeliruka. Mwenye duara halivuki, mganga halivuki, hata mwenye njaa halivuki. Analiondoa fundi aliyelilaza, basi. Katika miaka yangu ya bado sikuwahi kulilaza, neno langu lilitosha. Leo sikuwa na neno. Nikapiga magoti nikalilaza shoka pale.

Mzee Ng'wandu akasimama. Akaniita mgonjwa, akaniita mlevi wa dawa, na yote mawili ni kweli. Akasema atamleta fundi mwingine kutoka Geita.

"Mlete, mzee," Athumani akamjibu taratibu. "Naye atalikuta shoka."

Kisha Athumani akanikaribia, akaishika mikono yangu miwili inavyotetemeka, akaigeuza, akaitazama kama mtu anayemtambua ndugu aliyepotea. "Sasa huyu ndiye Bado," akawaambia vijana. "Yule wa majuzi sikuwa namjua." Akarudi nyuma hatua chache kutoka mdomoni mwa duara. Na wengine wakarudi. Lusangija alikuwa wa mwisho, kiganja chake bado kiko wazi, kisha akakifunga akakitia mfukoni.

Kuku mweupe wamempa Lusangija amlete nyumbani. Wamesema mganga amekwisha kuonekana, basi kuku ni wa watoto wake.

Jioni sasa, jua halijazama. Naandika na herufi zangu zinapanda na kushuka kama njia ya kwenda Geita. Sina uhakika na jambo lolote. Hofu niliyokuwa nayo leo pale mdomoni mwa duara, sijui ilikuwa ya mwamba au ya ile nusu ya kidonge niliyoiacha. Pengine kona ile ni salama kabisa, na nimewanyima watu riziki kwa sababu ya mtetemeko wa dawa. Mzee Ng'wandu anaweza kunifukuza, na sitamlaumu. Pakiti nimempa Mama Kulwa ashike yeye, anipe kile alichoandika daktari tu, na tayari nimeshawaza mara kadhaa ameificha wapi. Nadhani ni kwenye pipa la unga. Najichukia kwa kulijua hilo.

Ijumaa nitakwenda zahanati. Nikitoka huko, kabla sijasikia la mtu, nitapanda gari mpaka Kagongwa, nibishe hodi kwa shangazi. Nitamwambia nilimwona. Yeye atajifanya hakuniona, namjua, na hapo ndipo nitakapolia.

Nje Lusangija anamnyonyoa kuku na kumsimulia dada yake habari za shoka, ameongeza chumvi, eti nililirusha likajilaza lenyewe. Anacheka. Yuko juu ya ardhi, anacheka, ana manyoya mpaka kwenye nywele. Doto ameanza kulia, nimeshtuka mpaka kalamu imeanguka.

Mama Kulwa ameingiza kichwa dirishani kunitazama.

"Baba Kulwa, hofu imekwisha?"

"Bado," nimemjibu.

Ametabasamu. Sijui mara ya mwisho nililiona tabasamu hilo lini.